Nimeacha dawa za sonona mara mbili: mara ya kwanza kwa aibu, mara ya pili kwa mpango

MwalimuTanga (mleta uzi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, kwa sababu sonona kwetu ni ugonjwa ambao mtu huupa majina mengine ili aweze kuutamka mbele ya watu: atasema ana presha, ana mawazo mengi, mwili umechoka, au kuna mkono wa mtu. Nimeamua kuuweka kwa sababu wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni, akanionesha pakiti ya vidonge ndani ya pochi yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naona ni sawa aache. Sikuweza kumjibu kwa neno moja, na jibu refu nililompa ndilo ninaloliandika hapa.

Nilianza kutumia sertralini miezi saba baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili. Kwa wiki nyingi kabla ya hapo nilikuwa naamka saa tisa usiku hata kama mtoto hajalia, nakaa ukingoni mwa kitanda nikiamini kwamba watoto wangu wangelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine. Daktari wa kliniki ya afya ya akili alinianzishia miligramu 50, baadaye akapandisha hadi 100, akanieleza kwamba dawa hii ni miongoni mwa zile zinazopendelewa kwa mama anayenyonyesha kwa kuwa kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Wiki mbili za kwanza tumbo lilinisumbua. Mnamo wiki ya sita nilijikuta napika huku naimba, jambo ambalo mume wangu alilitambua kabla yangu.

Nilipofikisha miezi minane ya matibabu tulikwenda Lushoto kwa wakwe kwa ajili ya Idi. Mama mkwe, ambaye ananipenda nami nampenda, alikuwa akitafuta nepi kwenye begi langu akazikuta dawa. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, unanyonyesha huku unakunywa dawa za wagonjwa wa akili?" Sikuwa na jibu. Usiku ule niliviacha vidonge ndani ya begi, na kesho yake vilevile, nikijiambia kwamba kama kweli nimepona basi sina haja navyo.

Siku mbili zilipita salama. Siku ya tatu asubuhi niligeuza macho kumtazama mtoto, nikasikia kitu kama mvumo mfupi ndani ya sikio, kisha shoti ikapita kutoka kisogoni hadi kwenye midomo, kama mtu aliyegusa waya wenye umeme. Nilidhani ni bahati mbaya ya mara moja, lakini ilijirudia kila nilipogeuza macho haraka, na kufikia jioni nilikuwa natembea nikishika ukuta kwa kizunguzungu. Usiku niliota ndoto zenye rangi kali na watu wengi, nikaamka nimelowa jasho katika baridi ile ya Lushoto. Siku ya tano maziwa yalichemka yakamwagika jikoni nami nikalia kwa kwikwi kama mtu aliyefiwa. Dakika chache baadaye nikamfokea mtoto wangu mkubwa kwa hasira ambayo sijawahi kuiona ndani yangu. Wazee walikubaliana kwamba nimepatwa na kitu, wakamwita mtu wa kunisomea. Nilisomewa, na kisomo kilinituliza moyo kwa kweli, lakini shoti hazikukoma.

Siku ya saba mume wangu alimpigia simu muuguzi wa kliniki. Swali lake lilikuwa moja: mara ya mwisho amemeza lini? Nilirudi kwenye dawa siku hiyohiyo kwa maelekezo ya daktari, na ndani ya siku mbili shoti na kizunguzungu vilikuwa vimeondoka. Hapo ningepaswa kufurahi, lakini nilihitimisha vibaya. Niliamini kwamba ugonjwa ulikuwa umenikalia palepale ukisubiri, na kwamba bila kidonge mimi si mtu. Imani hiyo niliibeba mwaka mzima, na iliniumiza kuliko zile siku saba.

Aliyeniondolea mzigo huo ni daktari wangu, kwa hesabu nyepesi sana. Aliniuliza sonona yangu ilichukua muda gani kujengeka, nikamwambia miezi. Akaniuliza dawa ilichukua muda gani kuiondoa, nikamwambia wiki sita. "Basi haiwezekani," akasema, "iwe ilirudi kwa siku tatu na kuondoka kwa siku mbili. Kilichokupata Lushoto ni mwili uliokuwa umezoea dawa ukanyang'anywa ghafla."

Mara ya pili sababu ya kuacha ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimekaa vizuri zaidi ya mwaka mmoja, mtoto ameacha ziwa, nimerudi darasani, na nilitaka kujua kama naweza. Daktari hakunikatalia wala hakunisukuma. Alitaka kujua kama miezi inayokuja ina jambo zito, nami nikakumbuka mitihani ya kidato cha nne, tukakubaliana kusubiri ipite. Alitaka pia kujua nani nyumbani atakayekuwa anajua kila hatua. Nilimtaja mume wangu. Kisha nikajisikia namtaja mama mkwe. Nilimpigia simu nikamweleza yote, pamoja na usiku ule wa begi. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Kumbe nilikuumiza." Tangu siku hiyo alikuwa akinipigia kila Jumapili kuniuliza nimefika kipimo gani.

Tulishuka kutoka 100 hadi 75, kisha 50, kisha 37 na nusu, kila hatua wiki nne, na hadi hapo sikuona lolote zaidi ya usingizi mwepesi kwa siku chache. Ugumu ulikuja chini. Kutoka 25 kwenda 12 na nusu, shoti zilirudi, ingawa hafifu, pamoja na ule wepesi wa kulia. Nilivumilia siku kumi kwa kiburi, kisha nikaenda kliniki, daktari akanirudisha kwenye 25 kwa wiki tatu, na tulipojaribu tena ilipita. Kwenye 12 na nusu nilikaa karibu miezi mitatu. Safari nzima ilichukua miezi kumi, na leo ni mwaka na miezi miwili tangu nimeze kidonge cha mwisho.

Katika kipindi chote hicho nilikuwa na daftari la kurasa 40 ambamo kila usiku niliandika tarehe, kipimo, saa nilizolala, na kama shoti zimekuja au la. Daftari lile lilinisaidia kuliko ushauri mwingi niliopewa, kwa sababu siku mbaya hukushawishi kwamba siku zote ni mbaya, nami nilikuwa na maandishi yangu mwenyewe ya kuipinga.

Nilimwambia mwenzangu ajiulize kwanza jambo moja: anaacha kwa sababu amepona, au kwa sababu anaona aibu? Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa waliopita njia hii na kutoka kwa wataalamu.

Mkereketwa wa Kibaha

Dada Mwalimu, pole na hongera. Nina swali ambalo naomba lisichukuliwe vibaya, kwa sababu mdogo wangu wa kike anatumia dawa hizi na nahofia kwa ajili yake. Kama mtu akiacha anatoka jasho, anatetemeka na kulia, na akirudia anatulia, huo si ndio uteja tunaouona mitaani? Je, hatujawaingiza wagonjwa kwenye shimo jingine?

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Ndugu wa Kibaha, swali lako ni la haki na nimelisikia dirishani mara nyingi kuliko swali jingine lolote kuhusu dawa hizi. Mtu mwenye uraibu huitamani dawa yenyewe, huongeza kiasi ili apate ulevi uleule, na maisha yake huanza kuizunguka. Dawa za sonona hazileti tamaa hiyo. Sijawahi kumwona mtu akiuza simu ya dada yake ili anunue sertralini. Hata hivyo mwili huzizoea, na ukizikosa ghafla hulalamika. Mambo yote mawili ni kweli, na naona sisi wa fani hii tuliwakosea wagonjwa kwa miaka mingi kwa kulisema la kwanza na kulinyamazia la pili.

Na si kwamba jambo hili lilikuwa halijulikani. Imipramini, dawa ambayo daktari Roland Kuhn wa Uswisi alieleza kazi yake dhidi ya sonona mwaka 1957, ilikuwa bado changa kabisa pale madaktari walipoandika, mwaka 1959, kuhusu wagonjwa walioumwa baada ya kuikatisha.

Ukali wa dalili hutegemea sana kasi ambayo dawa hutoka mwilini. Venlafaksini hupungua hadi nusu ndani ya saa tano hivi, ndiyo maana wapo wanaoanza kuhisi kizunguzungu kwa kuchelewa dozi moja tu. Paroksetini huchukua takriban saa 21, sertralini saa 26. Fluoksetini ni ya aina yake: inachukua siku kadhaa, na zao lake linaloendelea kufanya kazi mwilini linaweza kubaki wiki moja hadi mbili kabla ya kufika nusu, kwa hiyo inajipunguza yenyewe polepole. Lakini hapo pana mtego, kwa sababu dalili zake zikija huja wiki kadhaa baadaye, mtu ameshasahau kwamba aliacha dawa, naye hudhani ameugua upya.

Mwalimu amesema ugumu ulikuja chini, na hilo lina maelezo. Mwaka 2019 watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliandika katika jarida la Lancet Psychiatry wakitumia picha za ubongo zinazoonesha dawa imeziba kiasi gani cha ile milango inayoirudisha serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huigusa, ndani ya seli. Kwa sitalopramu, dawa nyingine ya kundi la sertralini, miligramu 20 huziba karibu asilimia 80. Ukishuka hadi kama 9, bado asilimia 70 imezibwa. Ukibaki na miligramu tatu na nusu tu, ambayo wengi wetu tungeiona kuwa ni vumbi la kidonge, nusu ya milango bado imezibwa. Ni ngazi ambayo vidato vya juu vimesogeleana, kisha kile cha mwisho kiko mbali na ardhi kwa urefu wa mtu. Anayeshuka kwa vipande vinavyolingana hufika chini akidhani kazi imekwisha, kumbe mruko mkubwa ndio huo uliobaki.

Ndiyo maana punguzo linatakiwa liwe dogo zaidi kadiri unavyoshuka. Uingereza zipo dawa za maji za kupimia vipimo hivyo vidogo. Huku kwetu mara nyingi hazipatikani, kwa hiyo mwombe mfamasia akukatie vidonge kwa kifaa chake badala ya kutumia wembe nyumbani, na muulize kabla ya kukata chochote. Vidonge na kapsuli zinazotoa dawa polepole hazikatwi wala hazisagwi. Na ule mtindo wa kumeza leo na kuruka kesho usiutumie bila kuelekezwa, kwa sababu kwa dawa zinazotoka haraka, kama paroksetini, unaufanya mwili uache na kuanza upya kila siku ya pili.

Kijana wa Nyamagana

Samahanini wakubwa zangu kwa kuingilia. Nina miaka 23, niko chuo Mwanza. Nimetumia amitriptilini miligramu 75 kila usiku kwa mwaka na nusu. Mwezi huu kituo ninachochukulia dawa ziliisha, na hela ya kununua famasi sikuwa nayo, nikasema labda ni ishara kwamba niache. Leo ni usiku wa nne. Silali kabisa, nina kichefuchefu, natoka jasho, na nikisinzia kidogo naota vitu vya kutisha. Jana usiku nilifikiri kwamba ingekuwa afadhali nisingekuwepo. Kuna rafiki yangu ana vidonge vyake vimebaki. Je, nichukue nimeze vyote vya siku nilizokosa ili nirudi sawa?

MwalimuTanga

Mdogo wangu, asante sana kwa kuandika. Hapana, usimeze vya siku ulizokosa. Naomba unijibu kwanza: uko peke yako chumbani sasa hivi? Kama uko peke yako, mgongee jirani au mpigie unayemwamini umwambie maneno haya haya uliyotuandikia, hasa lile la jana usiku, usilifiche. Kisha mwende naye hospitali usiku huu, kwenye kitengo cha dharura, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Fikra ile inaweza kuwa imeletwa na kukosa dawa na usingizi kwa siku nne, lakini chanzo chochote kiwe, haikaliwi mtu akiwa peke yake.

Mfamasia wa Zamu ya Usiku

Kijana wangu, naongeza machache. Amitriptilini ikizidishwa kwa mkupuo huharibu mapigo ya moyo na inaweza kuua, kwa hiyo vidonge vya rafiki yako viache kwa rafiki yako. Baada ya siku kadhaa bila dawa, kipimo cha kuanzia tena anakipanga daktari. Beba pakiti tupu au kadi yako ya kliniki. Usinywe pombe ili upate usingizi, na kama kuna mtu atakupa tramado kwa ajili ya maumivu ya mwili, ikatae, kwa sababu ikichanganyika na dawa hizi huongeza hatari ya degedege. Unachokihisi kina jina, kinajulikana, na kina matibabu. Ukifika hospitali tuandikie neno moja tu.

Kijana wa Nyamagana

Ninaye mwenzangu wa chumba. Tunatafuta bodaboda.

Mzee wa Likoni

Salamu kwenu kutoka Mombasa. Nami nasubiri habari za kijana wetu, na wakati nikisubiri naomba niwasimulie upande ambao haujasemwa, yaani wa mtu aliyeamua kutoacha.

Nina umri wa miaka 61. Sonona imenijia mara tatu: 1998, 2009 na 2016. Baada ya mara ya pili nilipona, nikatumia fluoksetini kwa miaka minne, kisha nikaacha taratibu kama mnavyoshauri, na sikupata shoti wala kizunguzungu. Miezi mingi ilipita nikiwa mzima. Ugonjwa uliporudi haukuja kwa kishindo kama alivyosimulia Bi. Mwalimu. Kwanza niliacha kwenda barazani, nikasema mazungumzo yamekuwa marefu. Kisha kahawa ikapoteza ladha. Kisha nikaanza kuamka kabla ya adhana nikiwa macho makavu, na siku moja adhana ikapita nami nimekaa kitandani sioni sababu ya kuinuka. Kutoka baraza hadi pale palikuwa na muda wa zaidi ya miezi miwili, na kila hatua nilikuwa na udhuru wake. Mke wangu ndiye aliyeviunganisha vitu vile vikawa kitu kimoja.

Nimezungumza na daktari wangu kwa kirefu, na nimeamua kuendelea. Sioni haya. Nikifika Ramadhani nameza dawa wakati wa daku na siku inakwenda vizuri, maana yangu ni ya mara moja kwa siku. Wenye dawa za mara mbili wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, wasianze kuruka dozi kimyakimya. Ninachotaka vijana wakijue ni kwamba kuendelea nako ni uamuzi. Kila mwaka mimi na daktari tunaketi tunaupitia upya, tunapima uzito, presha na damu, tunaulizana kama bado una maana.

Muuguzi Leicester

Shikamoo Mzee wa Likoni, na asante Dada Mwalimu kwa uzi huu. Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi ya uuguzi Uingereza, na hapa suala hili limebadilika sana katika miaka michache. Mwaka 2019 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili kilitoa tamko la kukiri kwamba dalili za kuacha dawa hizi kwa baadhi ya watu ni kali na ndefu kuliko ilivyokuwa ikisemwa, na mwongozo wa taifa wa mwaka 2022 unawataka madaktari wapunguze kwa hatua, kwa kufuata hali ya mgonjwa mwenyewe.

Kuna utafiti mmoja ambao mtu anayepima uamuzi huu anastahili kuujua. Uliitwa ANTLER, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Walishiriki watu 478 nchini Uingereza waliokuwa wakitumia dawa za sonona kwa muda mrefu, wanajisikia vizuri, na walikuwa tayari kufikiria kuacha. Kwa bahati nasibu, kundi moja liliendelea na dawa na kundi jingine likapunguziwa taratibu hadi kubaki na vidonge visivyo na dawa, bila wenyewe kujua wako kundi gani. Ndani ya wiki 52, sonona ilirudi kwa asilimia 56 ya walioacha, na kwa asilimia 39 ya walioendelea.

Nimewaona watu wakizishika namba hizi kwa mkono mmoja tu. Anayetaka uendelee atakuonesha 56. Anayetaka uache atakuonesha kwamba asilimia 44 ya walioacha walimaliza mwaka bila ugonjwa kurudi, na kwamba kidonge hakikuwakinga wote waliokimeza. Mimi naziona kama za watu wa aina aliyoisema Mzee, wenye historia ndefu, na kwa mama ambaye amepata sonona mara moja baada ya kujifungua, picha yake haiwezi kusomwa moja kwa moja humo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa vituo visivyo na mabingwa, linapendekeza mtu aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha kabla ya kufikiria kuacha, na upunguzaji usipungue wiki nne. Dada alipoacha kule Lushoto alikuwa na miezi minane tu tangu aanze dawa, achilia mbali tangu apone.

Kuhusu wingi wa dalili za kuacha, uchambuzi wa mwaka 2024 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba karibu asilimia 31 ya walioacha dawa walipata dalili, lakini hata miongoni mwa walioacha vidonge visivyo na dawa asilimia 17 walizipata pia. Zile kali ziliwapata kama mtu mmoja kati ya 35. Wengi wenu mkisoma uzi huu mtaacha kwa utaratibu na kupata usumbufu mdogo au msiupate kabisa. Ila kwa yule mmoja, takwimu hazimsaidii lolote anaposhika ukuta, na anahitaji kuaminiwa mara ya kwanza anaposema.

Msomaji wa Dodoma

Nawaheshimu wote mliochangia. Mimi niliombewa kanisani nikatupa dawa siku hiyohiyo, na ni mzima hadi leo. Nadhani tunawatisha watu bure kwa hesabu za miligramu, ilhali Mungu haponyi kwa robo kidonge.

MwalimuTanga

Ndugu yangu wa Dodoma, namshukuru Mungu kwa ajili yako na sina sababu ya kuutilia shaka ushuhuda wako. Nami nilisomewa, na nitasomewa tena nikihitaji. Ila naomba uufikirie ushuhuda huo ukisomwa na mtu wa hali kama ya huyu kijana wa Mwanza, ambaye akitupa dawa leo na kuanza kutoka jasho keshokutwa, atajilaumu kwa ugonjwa na atajilaumu kwa imani ndogo juu yake. Mimi nilijilaumu hivyo kwa mwaka mzima. Mtu anaweza kuombewa Jumapili na kushuka dozi kwa wiki nne zinazofuata, akimshukuru Mungu kwa kila hatua.

Mkereketwa wa Kibaha

Nimeyasoma yote. Leo nimempigia mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza nimemuuliza jina la dawa yake. Alishangaa, kisha akazungumza karibu saa nzima. Sikujua kwamba mwaka jana aliacha kwa siku sita kwa sababu yangu, kwa maneno niliyoyasema mezani siku ya msiba wa babu. Nimemwomba radhi.

Kijana wa Nyamagana

Wakubwa zangu, shikamooni. Samahani nimechelewa, leo ni siku ya tano tangu usiku ule. Tulifika hospitali saa sita, mwenzangu alikaa nami hadi asubuhi. Daktari hakunigombeza. Alisikiliza moyo, wakanipima kwa ile mashine ya nyaya, wakanilaza siku mbili, na amenirudishia dawa kwa kipimo kidogo atakachokipandisha. Vidonge anavitunza mwenzangu, ananipa cha usiku mmoja mmoja. Jana nimelala kwa muda wa saa tano. Ile fikra haijarudi tangu juzi, na daktari ameniambia ikirudi niende bila kuuliza saa. Kuhusu kuacha, amesema tutalizungumza baada ya mitihani, na kwamba dawa zikiisha kituoni nimpigie kabla sijafikia vidonge vitano vya mwisho.

Mzee wa Likoni

Alhamdulillahi. Mwanangu, msalimie huyo mwenzako wa chumba. Mwambie kuna mzee Likoni anamwombea.

MwalimuTanga

Nimesoma ujumbe wa kijana wetu nikiwa chumba cha walimu, nikalazimika kutoka nje. Mdogo wangu, endelea kutuandikia kila Jumapili. Nimezoea kuulizwa siku hiyo, sasa ni zamu yangu kuuliza.

Wengine wameuliza kwenye ujumbe wa faragha kuhusu mwalimu mwenzangu. Amesoma uzi huu wote. Hajaacha. Amesema sababu yake ilikuwa nusu kwa nusu, kupona na aibu, na kwamba anataka ile nusu ya pili iondoke kwanza, kwa hiyo amepanga kumwona daktari wake likizo ya Desemba. Leo asubuhi amenionesha daftari alilonunua, la kurasa 80. Nimemwambia 40 zilinitosha. Amesema yeye anaandika kwa mwandiko mkubwa.